Mvua Chini ya Bahari

Langas, Eldoret
16 Machi 2008

Mdogo wangu Kituyi,

Pokea salamu zetu sote. Tu wazima, na mwaka huu nikiandika neno hilo nalihisi hadi kwenye mifupa. Wamalwa amerudi kwenye usukani. Malori yanapita tena barabara ya Webuye, ingawa mume wangu huyo shujaa anakiri kwamba akifika Turbo bado anapandisha vioo hata jua likiwaka. Binti yetu Nasambu ameng'oka meno ya mbele na anacheka akijiziba mdomo kama bibi harusi.

Mama yuko kwangu tangu tumtoe kwenye mahema ya wakimbizi wa ghasia za uchaguzi, kule uwanja wa maonyesho. Haumwi popote. Ugonjwa wake ni kukosa kazi. Vyombo vyangu amevipanga upya hadi sijui chumvi iko wapi, na amepanda sukuma wiki kwenye magunia mlangoni. Mwenye nyumba akipita anaguna, Mama anamsalimu kwa heshima zote na kuendelea kumwagilia.

Uliniuliza kwa simu nyumba iko vipi. Simu ilipokatika sikukupigia tena, kwa makusudi. Nyumba hakuna, Kituyi. Umebaki ukuta wa upande wa jikoni, ule ambao Baba alikuwa akiupaka chokaa kila Desemba. Mabati yamejikunja chini. Ulisikia kwamba Mama aliificha ghalani familia ya fundi cherehani, waliowindwa kwa ajili ya kabila lao, na ni kweli. Walitoka salama kupitia shamba la mahindi. Nyumba ndiyo iliyolipia: waliokuwa wakiwatafuta waliichoma.

Sasa Mama anataka kurudi Turbo kujenga palepale. Na unajua mambo ya kwetu: nyumba ya mjane hainyanyuki kabla mwanawe wa kiume hajaichimbia nguzo ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Si mkwe, si binti, si fundi. Mwana wa kiume tulijaliwa mmoja, naye ameamua kuishi na samaki. Unakuja lini?

Nakuandikia kwa sababu Mama hataki habari za simu. Anasema sauti ya simu ikiisha imeisha, lakini barua anaweza kuniomba niisome mara ya pili. Pia ameniagiza nikuulize unafanya nini hasa huko majini. Watu wakimuuliza anasema unafanya kazi na bahari, wanadhani unauza omena.

Dada yako,
Selpha


Kwale, Pwani
20 Aprili 2008

Dada Selpha, na Mama unayesomewa,

Shikamooni nyote wawili, maana watu wa huku wamenizoesha. Mimi ni mzima. Joto limenikondesha na wali wa nazi umeninenepesha, kwa hiyo nimebaki palepale. Mwambie Nasambu asizibe mdomo, mapengo ni mali.

Mama, mimi siuzi omena. Tangu nimalize mkataba wa jeshi la wanamaji, nimeajiriwa na watafiti wanaochora ramani za mapango yaliyo chini ya bahari. Mbali kidogo na ufuo kuna shimo. Ukiwa kwenye boti unaona maji ya kijani, kisha ghafla duara la buluu nzito karibu na nyeusi. Hapo ndipo tunashuka na mitungi ya hewa mgongoni. Kazi yangu ni kutangulia na kamba, kuifunga kwenye mwamba kila tunapopita, ili wenzangu wapate njia ya kurudi.

Mwamba wenyewe ni chokaa. Zamani sana ulikuwa viumbe hai: matumbawe, konokono, kome. Walikufa, magamba yao yakarundikana, yakashikana, yakawa jiwe. Ile chokaa ya Baba ilikuwa jiwe la namna hii hii, ila limechomwa tanuruni. Unakumbuka, Dada, alivyoimwagia maji ndani ya pipa ikatokota bila moto? Alituchorea mstari kwa fimbo tusiuvuke. Mimi na Kipkorir wa jirani yetu Mzee Kigen tukauvuka, tukatoka na miguu inayowasha hadi Sikukuu. Bado nikifumba macho naisikia harufu ya ukuta mbichi mweupe na maandazi yako yaliyoungua. Naikosa Desemba ile kuliko ninavyoweza kuandika.

Ajabu ya jiwe hili ni kwamba linaliwa na mvua. Mvua ikishuka inabeba hewa ya ukaa, ile tunayoitoa puani. Ikipenya kwenye udongo wenye majani yaliyooza inaipata kwa wingi zaidi. Maji yanakuwa na ukali mdogo sana, hata ulimi hauwezi kuuonja. Yakiingia kwenye ufa wa mwamba wa chokaa, yanauyeyusha taratibu na kuondoka nao. Mtu anaweza kuzaliwa na kufa bila kuona badiliko. Lakini mpe ufa huo maelfu ya miaka, utakuwa mfereji, na mfereji utakuwa chumba ambacho kanisa letu la Turbo lingeingia na kengele yake.

Mapango ya ufukweni ni hadithi nyingine kidogo. Yale huchongwa zaidi na mawimbi, yanayoupiga mwamba kwa mchanga na kokoto mahali pamoja mchana na usiku, mpaka unaliwa kwa chini na juu ukabaki umening'inia.

Nimetuma kipande cha jiwe kwenye kifurushi cha basi. Kamulieni limau.

Kuhusu kuja, tuna msimu wa kazi mbele yetu, tutaona. Lakini nami nina swali. Ni nani aliyewasha moto ule? Mama alikuwa pale. Na Kipkorir alikuwa wapi? Niambie hilo tu.

Mdogo wako,
Kituyi


Langas, Eldoret
11 Mei 2008

Kituyi,

Hatujambo. Habari kubwa kwanza: nina mimba. Wamalwa anatembea kama aliyebuni kitu kipya duniani. Nikihesabu vizuri, itakuwa karibu na Krismasi.

Jiwe lilifika limefungwa kwenye soksi yako. Natumaini ilikuwa imefuliwa. Mama alikaa nalo kibarazani, akakata limau, akakamua. Lilipotoa povu alilirusha! Kisha akalifuata, akalipangusa, akakamua tena, na safari hii akaliweka karibu na sikio asikilize. Majirani walikusanyika. Kufikia jioni hapakuwa na limau kwenye kibanda cha jirani, na jiwe lilikuwa na kishimo katikati. Mama akakitia kidole. Akasema, "Kumbe hata jiwe."

Lakini hakuridhika. Ameniambia nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Muulize huyo kijana, mvua ilifikaje chini ya bahari? Huko si kuna maji tayari? Mvua ikinyesha baharini si inabaki juu? Asinidanganye kwa sababu niko mbali."

Wiki iliyopita alipanda lori la Wamalwa akaenda kuona shamba. Mzee Kigen alipomwona alisimama, akavua kofia. Mkewe, Mama Kipkorir, alimshika Mama mkono wakaingia ndani. Waliongea nini sijui. Alirudi na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando, na uso uliokunjuka kidogo.

Mvua imeanza vizuri huku. Sukuma za mlangoni zimekua hadi mwenye nyumba sasa anaomba majani.

Na wewe umeniandikia kurasa za mawe, lakini jibu la lini nimelitafuta hata nyuma ya bahasha.

Selpha


Kwale, Pwani
29 Juni 2008

Dada mpendwa, na Mama,

Hongera, hongera sana! Nimewatangazia wote botini, na mpishi akatia sukari ya ziada kwenye chai kwa ajili ya tumbo lako.

Nisameheni kuchelewa. Bahari ilichafuka na boti ikapelekwa matengenezo. Nilikaa nikimfikiria Mama na jiwe sikioni, nikacheka peke yangu.

Mama, swali lako ndilo wasomi waliloanza nalo. Jibu ni kwamba zamani hapo hapakuwa na bahari. Kulikuwa na enzi ya baridi kuu, maji mengi ya dunia yakaganda na kukaa nchi kavu, barafu juu ya barafu. Bahari ikapungua kina, zaidi ya urefu wa mnara wowote uliopo Eldoret, na huu mwamba ninaozamia ukawa kilima kikavu, chenye miti na wanyama. Mvua ikaunyeshea, ikapenya, ikachimba. Baadaye joto likarudi, barafu ikayeyuka, bahari ikapanda na kujaza kila chumba.

Ushahidi upo. Ndani ya pango mawe yananing'inia darini mfano wa mishumaa. Hayo hujengwa na tone linalodondoka, likiacha punje ya chokaa. Tone haliwezi kudondoka ndani ya maji. Kwa hiyo siku zile pango lilikuwa na hewa. Mimi huyamulika kwa tochi na kuwaza kwamba kila moja ni mvua ya mtu fulani, aliyekimbia kujikinga na hakujua.

Kuna lingine litakalokufurahisha. Maji ya mvua yakishakula chokaa ya kutosha yanashiba, hayali tena. Maji ya bahari nayo karibu na mwamba yameshiba. Lakini pale yanapokutana, matamu na ya chumvi, mchanganyiko wake unaweza kupata njaa upya na kula mwamba. Hata wakubwa wangu walipolieleza mara ya kwanza nilidhani wananitania.

Na shimo lenyewe? Hilo ni dari lililoanguka. Pango likijaa maji, maji husaidia kubeba dari. Yakishuka na kuondoka, dari linabaki na uzito wake wote, na siku moja linaporomoka. Kwa juu kulikuwa na nyasi, labda swala walikuwa wanakula, na hakuna aliyejua kwamba chini pameliwa.

Ndiyo maana, Mama, sitaki urudi Turbo. Nasema wazi. Tuliishi juu ya nyasi hizo. Tuliazimana chumvi na akina Kigen na kuchapwa pamoja, maana Mzee Kigen alipotukuta mimi na Kipkorir tumeogelea mto Sosiani ulipofurika alitucharaza wote bila kubagua, na mimi nilijivunia viboko vile kwa kuwa vilikuwa vya mtoto wa nyumbani. Kumbe chini pameliwa. Njoo huku. Nitakutafutia nyumba yenye ua, upande sukuma zako.

Hamjanijibu kuhusu moto. Alikuwa Kipkorir?

Kituyi


Langas, Eldoret
13 Julai 2008

Kituyi,

Tu wazima. Miguu yangu imevimba na Wamalwa amejifunza kupika ugali, mgumu wa kujengea nyumba.

Barua yako nilimsomea Mama mara mbili. Kwenye barafu alitikisa kichwa, kwenye mishumaa ya mawe aliniambia nirudie. Kwenye dari aliniinulia mkono ninyamaze. Akafikiri. Halafu akasema, nami nayaandika kama yalivyotoka kinywani mwake: "Amesema mwenyewe. Maji yalikuwa yanashikilia dari, yalipoondoka ndio likaanguka. Sasa mbona ananiambia niondoke? Mwambie hapo Turbo mimi ndio hayo maji. Mimi na Mama Kipkorir. Fundi cherehani alipita ghalani kwangu, lakini aliyemfungulia mlango wa nyuma wa shamba hadi mtoni ni huyo mama. Hilo huyo kijana alikuwa halijui."

Nami nilikuwa silijui.

Swali lako la moto amelisikia pia. Alimwona mtu huyo, anamjua kwa jina. Mimi hajaniambia, na mimi sijamuuliza, maana kila siku nanunua maziwa kwa watu wa jamii ya akina Kigen. Alichosema ni hiki: "Aje aichimbie nguzo. Ikisimama, aniulize uso kwa uso, mbele ya watu wote watakaokuwepo. Nitamtajia."

Kwa hiyo sasa unajua bei ya jibu lako.

Jumatano alihama. Wamalwa alimpeleka na lori, na kitanda, na magunia ya sukuma. Anaishi kwenye hema katikati ya kiwanja. Nilimlilia, akanifuta kwa kanga yake akaniambia nisimharibie safari.

Selpha


Langas, Eldoret
21 Septemba 2008

Kituyi,

Salamu. Barua ya Julai hujaijibu, na simu yako inaniambia mteja hapatikani. Najua mmesafiri na boti. Najua pia kwamba boti hurudi.

Mama anakohoa. Si kifua kibaya, ni baridi ya hema. Nilimwambia nguzo akichimbia Wamalwa, Mungu ataelewa. Akasema Mungu ataelewa, ila yeye hatalala humo.

Sikiliza sasa. Juzi Kipkorir alikuja na sururu. Hakualikwa. Alisalimia, akapima mahali, akachimba shimo la nguzo hadi likafika mapajani. Alipotaka kuchukua mti ausimamishe, Mama akamwambia, "Asante mwanangu, umechimba vizuri. Lakini nguzo ina mwenyewe." Kipkorir akarudisha sururu begani akaondoka. Nilikuwepo. Jasho lilikuwa linamtoka na hakuinua macho hata mara moja.

Shimo liko wazi hadi leo. Mvua ikija Mama analifunika na karai. Asubuhi analifunua kutazama kama limeingia maji, halafu anaangalia barabarani.

Mimi nimechoka kukutania. Njoo nyumbani.

Selpha


Kwale, Pwani
19 Oktoba 2008

Dada,

Sikuwa baharini muda wote huo. Barua zako zote mbili nilizipata. Nilizibeba mfukoni.

Naogopa, Selpha. Siogopi kuvamiwa barabarani. Naogopa jibu. Leo moto ule haujulikani umewashwa na nani, kwa hiyo naweza kukumbuka mto, viboko, na miguu yetu myeupe, na zote zikabaki zangu. Mama akitaja jina, nitalazimika kumchukia mtu mwenye sura. Na kama ni yeye, utoto wangu wote niliuishi na nani?

Ndani ya pango kuna tope laini kama unga. Ukipiga teke moja bila uangalifu linatifuka na huoni hata kiganja chako. Tumefundishwa tusipapase, tushike kamba, tutulie. Miezi hii nimetulia nikijisifu kwamba nafuata mafunzo. Mikononi sikuwa na kamba yoyote.

Nimeomba likizo ya Desemba. Mwambie Mama anunue miti. La, usimwambie kitu. Nitakwenda mwenyewe.

Kituyi


Turbo
14 Desemba 2008

Dada yangu Selpha,

Wamalwa amenipigia simu tangu alfajiri akipiga kelele. Mvulana! Na wewe umelala salama hospitalini. Nimemwambia Mama, akapiga vigelegele hadi ng'ombe wa Kigen wakainua vichwa. Ningekuja leo hii, lakini amenikataza, anasema mtoto atasubiri na nguzo imesubiri vya kutosha. Kesho basi tunakuja wote, anajaza kikapu cha vyakula vya kukulisha. Nakuandikia usiku huu nikuletee barua mkononi, usije ukasimuliwa kwanza na mwingine.

Nilifika juzi mchana. Mama alikuwa anapepeta maharage. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni akasema, "Umekonda," kisha akarudi kwenye miguu, "na viatu vyako ni vibaya kwa tope." Hapo ndipo nililia, Selpha, mbele ya ungo wa maharage, mtu mzima. Aliniacha nimalize.

Ule ukuta wa jikoni bado umesimama. Niliukwaruza kwa ukucha. Chokaa ya Baba imekaa tabaka juu ya tabaka, Desemba baada ya Desemba, na chini kabisa kuna alama ya kiganja kidogo. Sikujua ni chako au changu. Nimekiweka changu juu yake na hakikutosha.

Leo baada ya kanisa watu walikuja. Mzee Kigen na fimbo yake, Mama Kipkorir na mtungi wa uji, vijana watatu wa pale juu ya barabara, mwalimu mkuu wa zamani. Kipkorir alikuja wa mwisho. Ameota ndevu na ana mvi, na yeye ni rika langu. Tulisalimiana kwa mikono. "Umerudi," akasema. Nikasema nimerudi.

Nilinyanyua mti peke yangu, nikauingiza. Shimo alilolichimba lilikuwa limenyooka vizuri, nikiri. Nikaushika wima, na Kipkorir akaanza kutia udongo na kuushindilia kwa mchi bila kuambiwa na mtu.

Nguzo ilipotulia, Mama alikuja akaisukuma kwa bega. Haikutikisika. Akajifuta mikono, akasimama mbele yangu, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Sasa, Kituyi. Nilikuahidi. Uliza."

Kipkorir aliacha kushindilia. Mzee Kigen alitazama chini, akaikaza fimbo kwa mikono miwili. Vijana wale watatu wa pale juu nao walikuwa wamesimama wakitazama viatu vyao. Nikaona kwamba swali langu lingeweza kumwangukia yeyote kati yao, na yeyote litakayemwangukia hatakuja tena kushindilia udongo hapa. Niliitafuta hasira niliyoibeba tangu Machi. Ilikuwepo, bado ipo, sikudanganyi.

Nikamuuliza, "Mama, mlango uelekee wapi?"

Macho yalimjaa machozi, lakini hakuyafuta. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kwa Kigen.

"Hapo," akasema. "Nikiamka niwe naona moshi wao."

Kipkorir aliinama, akaokota mchi, akaendelea. Mimi niliishika nguzo isiyumbe.

Nduguyo,
Kituyi